Mukono ya Sifa ku Mulango

Kwa weye Madamu Solange, mwalimu wa kwanza wa mutoto yangu,

Juzi direktrise alituita siye wazazi mu ua ya shule, akatuambia kama weye unaomba kurudia. Trimestri ikianza, unataka kushika tena klasi yako. Alisema na sauti ya pole sana, sawa mutu anayepita karibu na mutoto aliyelala. Akasema kila muzazi iko na ruhusa ya kutoa neno yake mbele ya komite, kwa mudomo ao kwa barua. Wengine walisema palepale. Mimi nilinyamaza. Mudomo yangu ingetetemeka, na sitaki mutu awaze ni huruma. Ndiyo maana niko naandika. Nilisoma mpaka mwaka ya tatu tu, unajua, basi mahali nitakosea utanivumilia. Nimeomba direktrise asome barua hii mbele ya wazazi wote, weye ukiwa umekaa pale, asiruke ata neno moja.

Unakumbuka asubuhi ya kwanza? Mvua ilikuwa imenyesha, barabara ya Mbunya yote matope, nikafika na Sifa akishika kikwembe yangu kwa nyuma. Ni vile alitembeaka toka tulipokimbia Gety. Mu ile kukimbia, bibi yake ndiye alikuwa anamushika mukono. Watu walisukumana ku barabara, mukono ikachomoka, na bibi hatujamuona tena mpaka leo. Toka pale Sifa hakupatia mutu mukono yake. Ata mimi. Alishika nguo yangu, alishika kamba ya mbuzi, alishika ukingo ya meza. Mukono ya mutu, hapana.

Na weye ulikuwa umesimama ku mulango ya klasi, unasalimia watoto mumoja mumoja, mukono mu mukono, jina kwa jina, unaangalia kila mumoja mu macho. Nikawaza, mama yangu, nimemuleta mahali gani? Mu shule zingine watoto wanaingiaka mbio, mwalimu anapiga fimbo ku meza, inaisha. Hapa, mu hii shule ya Steiner vile wanaiitaka, mutoto haingie kabla hajatoa mukono. Sifa akaweka yake mugongoni. Mimi nikaanza kukueleza haraka haraka, maneno ikinianguka mu mudomo, Madamu usimupige, Madamu haiko kiburi. Ukanikatiza. Ukachuchumaa mbele yake mu ile matope, sketi yako ikachafuka, ukamuambia:

"Nitangoja. Mukono iko na saa yake."

Ukamuacha aingie.

Na ulingoja kweli. Kila asubuhi ulinyoosha mukono, yeye anaweka yake mugongoni, unasema "Karibu Sifa," anapita. Mimi nilikuwa nachungulia nyuma ya miti ya fensi, roho juu juu, mpaka muzee wa kulinda shule akaniuliza kama nimepoteza kitu. Halafu ikafika siku mulikuwa mu bustani munapanda maharagi. Kengele ikalia, watoto wakapanga mustari ya kurudia mu klasi. Sifa alikuwa anawaza mbegu zake tu, anaogopa ndege wasizichimbue. Weye ukanyoosha mukono, yeye akatoa yake, matope mpaka ku kiwiko, akakusalimia bila kujua. Halafu akashituka. Akaangalia mukono yake ndani ya yako. Ukamuachilia pole pole, na haukunawa. Direktrise alinielezea kama ulifundisha mpaka saa ya kutoka na matope ya Sifa imekauka mu kiganja yako, chaki inateleza, unaiokota, unaendelea.

Nilisikia hii habari nikiwa ku soko, nikalia mbele ya muhogo yangu. Mama mumoja alikuwa anapunguza bei, akawaza nalia juu yake, akaniongezea.

Sikukumbushe hii juu nikusifu. Nakukumbusha juu ujue ni kitu gani ulichukua ukaenda nayo.

Unamukumbuka pia jirani yangu Mama Debo, ule wa ngambo ya mufereji. Ile mwaka alinichokoza mpaka nikachoka. Watoto wake walikuwa wanasoma shule ingine, na mwisho ya mwaka kule ni proklamasio: wanasoma majina na pointi mbele ya watu, mutoto aliyepita wanamumwagia pudre ku kichwa, barabara yote inajaa watoto weupe sawa mikate imeanguka mu unga, na mama zao nyuma na vigelegele. Wetu walirudia na rangi ku vidole na udongo ku magoti. Mama Debo akakaa ku mulango yake akaniita, watu wote wasikie: "Mama Sifa, wangu iko mweupe, wako iko mwekundu. Wako amepita, ao ameanguka mu shimo?" Watu walicheka. Mimi pia nilicheka kidogo, juu alisema muzuri. Lakini moyo ilibaki inanisumbua.

Ndiyo vakansi ile ulikuya kututembelea. Nilipika bugali na sombe ya majani ya muhogo, nikaazima kiti kwa huyo huyo Mama Debo. Nyuma ya mulango kulikuwa ile mufuko yetu ya kukimbia, nguo na unga na chumvi imefungwa tayari, juu vita ilisemwa imeisha na siye tulikuwa bado tunalala na viatu karibu. Nilisahau kuificha. Uliiangalia, haukuuliza. Ukasema tu kama yako iko chini ya kitanda.

Nikakuuliza, "Madamu, bulteni ya pointi ya mutoto iko wapi? Mimi nitaonyesha watu nini?"

Ukaomba Sifa alete kale kamufuko alifuma mwaka nzima na nyuzi za rangi. Ukaniwekea ku magoti, ukanishika kidole, ukaipitisha juu yake. Mahali alianzia, nyuzi zilikaza sana, ngumu sawa kamba ya mbuzi. Katikati zikaanza kulegea. Ku mwisho zilikuwa sawasawa, laini. "Hii ndiyo bulteni yake, Mama Sifa," ulisema. "Hapa alikuwa anaogopa. Hapa ameanza kuacha."

Na mimi na ile woga yangu haiishe, nikakuuliza tena: na mwaka ingine atapata mwalimu gani? Ukacheka, mudomo imejaa sombe. Ukanielezea kama mu shule yenu mwalimu haachane na watoto wake, anawapokea wadogo na anapanda nao mwaka kwa mwaka. Ukasema, "Mimi na hawa, mpaka mwaka ya sita." Haukusema Mungu akipenda. Haukusema nikipata nafasi. Sifa alikuwa amekaa pale, akakunja vidole vyake kuhesabu miaka, akafurahi kuona iko mingi.

Sasa ile siku ya muto. Ilikuwa mwaka iliyofuata, mwisho ya trimestri, munatoka na watoto kwenda kuchora maji na majani na mawe, na kuokota udongo ya kufinyanga. Mimi nilikataa kwanza. Nilikuambia nje ya muji haiko mahali ya kuchora. Ukanijibu, na haukunicheka, "Mama Sifa, hawa watoto wanajua vichaka kwa kujifichamo tu. Waone basi kama kuko na maua pia." Nikamuachilia. Nikakwenda ku soko lakini macho yangu ilikuwa ku njia.

Jua ikiwa kati, risasi ikalia upande ya barabara ya Bogoro. Unajua vile soko inafungaka: hakuna anayesema kitu, unaona tu migongo. Watu wote walikuwa wanaingia mu muji, mimi peke yangu natoka, kikwembe imeanguka, nilibaki na ile ya ndani. Nikawakuta ku kilima. Mulikuwa mumeshikana mukono, mustari moja ndefu, weye mbele, na nyuma yako kabisa Sifa, mukono yake mu mukono yako. Mulikuwa munaimba ile wimbo ya kupanda maharagi. Hamukukimbia. Ulikuwa umefunga makaratasi ya michoro ku tumbo chini ya blauzi, sawa mama mujamuzito. Baadaye tulisikia ni askari walilewa wakapiga hewani, lakini ile saa nani alijua? Weye haukujua. Ulitembea tu, unaimba, na kila mutoto alifika kwao.

Jioni nilikuletea kuku, ule mwekundu wangu mwenye kutaga. Na toka ile siku nilikuita dada. Sikuwa nimeita mutu mwingine vile mu huu muji.

Halafu vakansi ikapita, shule ikafungua. Sifa nilimusuka, nikamupaka mafuta. Watoto wakapanga mustari ku mulango. Mulango ilikuwa wazi, na ndani hakuna mutu. Wakangoja. Wakaanza kubishana: Madamu iko mu choo, Madamu iko kwa direktrise, Madamu anatucheza, iko amejificha. Wengine wakaingia kuangalia chini ya meza. Direktrise akakuya, akasema umepata kazi ku shirika, umekwenda Goma, na kama umewasalimia sana.

Umewasalimia. Na mukono gani?

Wazazi wanisikie muzuri hapa. Sikukasirika juu ya kazi. Najua Mama Debo atasema ni wivu ya gari na ya gile, ile kikoti ya shirika haina mikono. Kila mutu anatafuta chakula, na chaki haishibishe mutu. Ungekuya asubuhi moja tu. Ungesimama ku ule mulango, ungewapatia mukono mumoja mumoja, ungesema: naenda. Wangelia, na kulia ingeisha. Weye uliwafundisha kama mutu haingie bila mukono, halafu ukatoka bila mukono. Ile siku Sifa alirudia ku nyumba akishika kikwembe yangu kwa nyuma. Mutoto mukubwa vile, watu wanatuangalia.

Ata kuku ulimuacha. Alibaki anazunguka mu ua ya shule, anachimbua mbegu za watoto. Wakamuita Madamu.

Klasi yako ikaharibika mbele ya macho yetu. Mara waliwachanganisha na wakubwa, mara mwalimu huyu, mara ule. Wakaanza kuingia mbio na kusukumana. Asubuhi moja nilifika na jembe, ilikuwa zamu yangu mu bustani, nikaona mustari ku mulango, imetulia, sawa zamani. Nikawaza umerudia. Na nasema ukweli, moyo yangu iliruka, miguu ikakimbia yenyewe. Nikasogea. Ilikuwa Sifa. Mutoto wa miaka tisa amesimama mahali pako, anatoa mukono kwa kila mwenzake, anamuita jina, anamuangalia mu macho. Ile mukono. Nyuma kabisa kulikuwa kabinti kapya, watu wake walitoka upande ya Gety, kamekunja mikono chini ya kwapa. Sifa akakaambia, "Nitangoja," akakaachia njia.

Nilirudia mu maharagi, nikalima mpaka nikakata maharagi yenyewe.

Toka ile siku niliacha kukulilia. Nilianza kukungojea.

Mama Debo ndiye aliniletea habari ya feti, ile sikukuu ya shule. Siku hizi kitinda mimba wake iko mu shule yetu, lakini ulimi haijahama. Akasema, "Dada yako anakuya na wageni wa shirika kuangalia kazi za watoto. Utafua ile kikwembe muzuri ao utavaa ile ya vita?" Nikamujibu nitavaa ile ya vita. Na kuanzia pale kazi yangu ilikuwa kupanga. Niliomba komite inipatie kupika maharagi ya feti, juu nikutolee yako chini ya sufuria kabisa, mahali inaungua. Nilitengeneza maneno ya kukuambia mbele ya wageni wako, nikayasema ku jembe, nikayasema ku mihogo, mpaka ilikuwa inatoka bila kigugumizi. Na Sifa nilimuambia: "Akinyoosha mukono, weka yako mugongoni. Sawa zamani." Alikuwa anatoboa filimbi yake ya mwanzi na musumari ya moto. Akapuliza vumbi, akaniangalia, akashika tena musumari.

Ilikuwa feti muzuri, weye mwenyewe uliona. Walitundika michoro ku kamba kati ya miti ya maharagi, upepo inaigeuza, unaona maji, unaona mawe, unaona maji tena. Vyungu vyao walivichoma mu nyasi, vingine vilipasuka, wakavipanga vilevile bila haya. Kamufuko ya kila mumoja. Ile mizunguko ya mikono wanafanyaka na wimbo. Na muchezo ya mupanzi, watoto wadogo wako mvua, wanakimbia na vitambaa vya bluu juu ya vichwa vya wenzao, na mvua mumoja akaanguka akalia, mvua wengine wakamungoja.

Na desturi unaijua, weye uliianzisha: siku ya feti mugeni haingie peke yake. Mutoto anamupokea ku mulango, anamupatia mukono, anamuuliza jina, anamupeleka ku mukeka ya wageni, anamuonyesha kitu moja alitengeneza na mikono yake. Wazazi na walimu siye tunapita tu, juu siye ni wa nyumba. Ku mulango ya klasi yenu, direktrise alimuweka Sifa.

Gari nyeupe ikafika. Ukashuka na ile gile, wageni wa shirika nyuma yako na mashine za picha. Haujafunga ata mulango ya gari, sauti ya mutoto ikalia kutoka bustani, "Madamu, toka mu maharagi!" Ukageuka haraka, mukono ku kifua. Kuku akapita mbio mbele ya miguu yako, na kundi ya watoto nyuma yake. Wazazi tulicheka mpaka Mama Debo akakaa chini. Weye pia ulijaribu kucheka. Tamu, nasema ukweli. Lakini ile ilikuwa chumvi tu, chakula yenyewe ilikuwa bado.

Ukatembea mpaka ku mulango. Mimi nilikuwa ku moto na mwiko yangu, nikasimama mahali naweza kuona mikono. Ukachuchumaa, sawa ile asubuhi ya matope, ukafungua mikono yote mbili. "Sifa wangu," ulisema.

Nikangoja aweke yake mugongoni. Hakuweka. Alinyoosha ya kuume, sawasawa vile uliwafundisha, akashika yako, akakuangalia mu macho. Na akakuuliza:

"Karibu mugeni. Jina yako ni nani?"

Hakuna aliyesogea. Ata wale wa picha walishusha mashine zao. Uliangalia direktrise, direktrise akaangalia chini. Sifa hakukulazimisha, hakukunja uso, alikuwa anakungojea tu, mukono yako mu yake, na adabu yote. Mwisho ukasema, kwa sauti ndogo, "Solange." Mbele ya watoto wote uliwafundisha kusema majina yao, ukasema yako sawa mutoto mupya.

"Karibu Mama Solange," akasema. Akakupeleka ku mukeka ya wageni. Akakuonyesha filimbi. Akakueleza vile mutu anatoboaka mwanzi.

Wazazi wengine waliniambia mutoto alifanya tu vile anafanyiaka wageni wote, kama hakuwaza mubaya. Wao hawakumuzaa. Mimi niliona kona ya mudomo yake. Mimi nilikuwa nimetengeneza maneno ya wiki nzima, na yeye alitumia ile ya kila siku, na yake ilikata kuliko yangu yote. Nilisikia utamu mpaka ku magoti. Nilisahau maharagi, ikaungua juu na chini, ikabidi wageni wote wakule sawa weye.

Baadaye ulikwenda nyuma ya kibanda ya majembe kulia. Nilikufuata. Nilikuwa nimeshika kikopo ya maji. Uliniona, ukaniita dada. Nikakunywa ile maji mwenyewe, pole pole, mpaka ku mwisho, nikageuza kikopo nikakung'uta tone ya mwisho, nikarudia ku moto. Sijutie. Watu wa kanisa wanisamehe, lakini kama ingelikuwa leo, ningejaza kikopo ya pili.

Ku nyumba Sifa alikula vizuri. Halafu akasema, "Mama, mukono yake ilikuwa inatetemeka."

Nikamuuliza, "Na yako?"

"Yangu hapana."

Akakwenda kuosha sahani. Nikamusikia anaimba ile wimbo ya maharagi, aliimba mpaka nusu akaacha.

Ni ile nusu inanisumbua, Madamu. Ingekuwa amenyamaza kabisa, barua hii ingekuwa fupi, ningeandika hapana, tungeachana. Lakini tangu feti anaangalia ku njia. Anauliza kama Goma ni mbali. Nilimukuta amekaa na kale kamufuko ya zamani, anapitisha kidole mahali nyuzi zinakaza. Na mimi woga imenirudilia. Ile mufuko nyuma ya mulango nimeifungua nimeongeza chumvi, bila sababu, hakuna risasi imelia. Naogopa urudie. Naogopa usirudie. Zaidi naogopa urudie na uende tena, juu mutoto anaweza kutoa mukono mara ngapi?

Wazazi wengine wanataka neno ya haraka. Mama Debo anasema, "Musamehe, walimu hawaokotwe ku barabara." Wengine wanasema arudie ku gari yake. Hii ya pili ingekuwa muzuri kwako. Ungelia kidogo mu njia, ungesema walinifukuza, ungelala. Sitaki kukupatia ile usingizi.

Basi neno yangu kwa komite ni hii: akuye.

Akuye siku ya kwanza ya trimestri, asubuhi, bila gile. Asipite ku mulango ya walimu. Apange mustari na watoto, nyuma ya wote, mvua ao jua. Ku mulango ni watoto watakuwa wanasimama, kila siku mumoja. Atanyoosha mukono. Atakayetaka kumupatia amupatie, na siku hiyo aingie, afundishe. Atakayetaka kuweka yake mugongoni aiweke, na siku hiyo Madamu akuye kulima na siye mu bustani, kesho apange tena mustari. Na mutu asiambie watoto kitu ya kufanya. Mimi nilimuambia wangu mara moja, nikaona vile mawazo yangu ilikuwa fupi.

Siku ya Sifa itafika. Sijue atafanya nini, na kama ningejua nisingekuambia. Pengine atatoa yote mbili. Pengine atakuuliza tena jina, leo, kesho, mpaka mwaka ya sita. Mimi nitakuwa mu mustari ya maharagi na jembe yangu, karibu, mahali naweza kuona mikono. Kila asubuhi utakayosimama pale na kiganja yako hewani, nitakuangalia na nitafurahi. Nakuambia mapema, usiseme nilikuficha.

Kuku yako tunamuchunga. Anataga.

Weye ngoja, dada. Mukono iko na saa yake, maneno ni yako. Mimi niliitunza tu.

Tukutane ku mulango,

Mimi, mama ya Sifa